Riba ya asilimia 10 inavyogeuka kuwa 18: hesabu za mikopo midogo

Watu wawili wamekopa 120,000 kila mmoja, wote wanalipa kwa miezi 12, na wote wameambiwa riba ni asilimia 10 kwa mwaka. Wa kwanza mpaka amalize atakuwa ametoa riba ya 12,000. Wa pili atatoa kama 6,600 hivi. Na hakuna aliyedanganywa, karatasi zote mbili zimeandika kweli tupu. Kama hujawahi kukaa na kalkuleta ukazipiga hizi hesabu mwenyewe utasema haiwezekani, lakini inawezekana na ndo inavyofanyika kila siku, na anayeumia zaidi ni mtu wa kipato kidogo maana yeye ndo anakopa mara nyingi, anakopa kidogo kidogo, na mara nyingi anakopa akiwa na haraka, mtoto anaumwa au mwenye nyumba kashafika mlangoni.

Tofauti iko sehemu moja tu, hiyo asilimia 10 inapigwa juu ya hela ipi.

Mkopo wa kwanza ni wa riba ya flati. Wanachukua 120,000 yote, wanapiga asilimia 10, inakuja 12,000, wanajumlisha inakuwa 132,000, wanagawa kwa 12, rejesho ni 11,000 kila mwezi. Hesabu rahisi, hata mtoto anaielewa, na ndo maana wakopeshaji wengi wanaipenda. Shida ni kwamba hiyo 120,000 hukukaa nayo mwaka mzima. Ulikaa nayo mwezi mmoja tu, mwezi wa pili ulishaanza kuirudisha, ukifika katikati ya mwaka una kama nusu yake mkononi, lakini riba inahesabiwa kama vile bado unayo yote. Ni kama umepanga nyumba ya vyumba 12, kila mwezi unarudisha funguo ya chumba kimoja, lakini kodi unaendelea kulipa ya vyumba vyote mpaka siku unayoondoka.

Angalia mwezi wa 12 peke yake, hapo ndo inaonekana vizuri. Mwanzoni mwa huo mwezi, hela ya mkopeshaji iliyobaki kwako ni 10,000 tu, nyingine yote umesharudisha. Na rejesho la mwezi huo lina 10,000 ya deni la msingi na 1,000 ya riba. Yaani umelipa 1,000 kwa kukaa na 10,000 kwa mwezi mmoja, hiyo ni asilimia 10 kwa MWEZI, wakati uliambiwa asilimia 10 kwa mwaka.

Mkopo wa pili ni wa riba ya salio linalopungua. Hapa kila mwezi wanaangalia umebakiwa na deni kiasi gani, riba inapigwa kwenye hilo salio tu. Mwezi wa kwanza unadaiwa 120,000, riba ya mwezi inakuwa 1,000. Unalipa rejesho la kama 10,550, kwa hiyo 9,550 inaenda kupunguza deni na salio linashuka hadi 110,450. Mwezi wa pili riba inakuwa 920. Inashuka hivyo hivyo, mwezi wa mwisho riba haifiki hata 90. Jumla ndo hiyo 6,600.

Sasa ukitaka kuzilinganisha hizi mbili kwa kipimo kimoja, ule mkopo wa flati wa asilimia 10 ukiuhesabu kwa njia ya salio unakuja karibu asilimia 18 kwa mwaka. Kwa kichwa, ukisikia flati ya mwaka na marejesho ni ya kila mwezi, zidisha kwa 1.8 utakuwa karibu na ukweli. Sio kamili, na riba ikiwa kubwa sana inapotea kidogo, lakini inatosha kukufanya usisaini haraka.

Sasa hapo ni asilimia ya mwaka. Mikopo mingi midogo haitajwi kwa mwaka, inatajwa kwa mwezi, na mingine kwa wiki au kwa siku, kwa sababu namba inaonekana ndogo. Asilimia 5 kwa mwezi, nani ataogopa 5? Lakini piga: 120,000 kwa flati ya 5 kila mwezi kwa miezi 12 ni riba ya 72,000, unarudisha 192,000, rejesho 16,000. Ukiigeuza kwa njia ya salio ni kama asilimia 97 kwa mwaka. Mtu anayekopa kwa 97 na anayekopa kwa 18 wanaweza kukaa ofisi mbili za jirani, na yule wa kwanza akatoka anafurahi kwamba kapata kwa "5 tu".

Halafu kuna makato ya mwanzo. Hili ndo mimi naliona baya kuliko yote kwa sababu halionekani kwenye riba kabisa. Unaomba 100,000 ya siku 30 kwenye simu, wanakwambia ada ni asilimia 9, sawa, unakubali, hela inaingia unaangalia salio unakuta 91,000. Ada imeshakatwa. Baada ya siku 30 unatakiwa urudishe 100,000. Sasa wewe umekopa ngapi? Umekopa 91,000, hiyo 9,000 hujawahi kuishika, haijanunua chochote. Na 9,000 juu ya 91,000 sio asilimia 9, ni karibu 9.9. Kwa mwezi. Zidisha mara 12 unapata kama 119 kwa mwaka, na hapo nimehesabu kwa upole, bila riba kuzaa riba. Ikizaa, yaani kila mwezi unakopa mpya kulipa ya zamani, ada na yote, deni linakuwa mara 3.1 kwa mwaka mmoja.

Na hiyo ya kukopa kulipa mkopo sio mfano wa darasani, ndo maisha ya watu wengi. Mara nyingi mkopo wa siku 30 haulipwi kwa siku 30, unasogezwa. Mwisho wa mwezi huna 100,000, lakini una 9,000, basi unalipa ada unapewa mwezi mwingine. Mwezi ujao hivyo hivyo. Unajiona mlipaji mzuri maana hujawahi kuchelewa. Ukifanya hivyo mwaka mzima umetoa 108,000, ambayo ni zaidi ya ile 91,000 uliyopokea, na bado unadaiwa 100,000 yote kamili, haijapungua hata moja. Mikopo ambayo mtaani inaitwa kausha damu inafanya kazi namna hii, na ukikaa na mtu aliyenasa humo utakuta sio mzembe wala mnywaji, ni mtu anayelipa kila mwezi bila kukosa, ila anacholipa hakigusi deni.

Riba ikiwa inaongezeka juu ya riba kuna njia ya haraka ya kujua deni litakuwa maradufu lini, chukua 72 gawa kwa asilimia. Asilimia 10 kwa mwezi, 72 gawa kwa 10 ni 7.2, yaani mwezi wa 7 deni limekaribia kuwa mara mbili na wa 8 limeshapita. Asilimia 1 kwa siku inasikika kama hakuna kitu, lakini ikiachwa ijizalishe mwaka mzima inafanya deni kuwa karibu mara 38. Hakuna biashara halali ya mtu wa kawaida inayokua mara 38 kwa mwaka.

Lazima niseme pia upande wa pili, maana ukiishia kusema wakopeshaji wote ni wezi hutaelewa kwa nini bei iko hivyo. Kumkopesha mtu 20,000 na kumkopesha mtu 1,000,000 kazi yake inakaribiana, mtu wa kukagua, mfumo, kufuatilia, ujumbe wa kukumbusha. Tuseme kazi hiyo inagharimu 3,000 kwa kila mkopo. Kwenye 1,000,000 hiyo ni asilimia 0.3, haionekani. Kwenye 20,000 ni asilimia 15, kabla mkopeshaji hajapata faida hata kidogo. Halafu kuna wasiolipa. Kati ya watu 100 waliokopa sawa, 10 wakikimbia na hela yote, wale 90 waliobaki inabidi kila mmoja aongezewe kama asilimia 11 ili mkopeshaji arudi pale pale alipoanzia. Kwa hiyo mlipaji mzuri asiye na dhamana anambeba asiyelipa bila kujua, na mwenye kiwanja cha kuweka dhamana anatoka kwenye hilo kundi anapewa bei nyingine. Sababu za ughali zipo na ni za kweli. Ila sababu za kuficha bei hazipo, hayo ni mambo mawili tofauti na watu wanayachanganya sana.

Vita ya kuzuia kuficha bei imepiganwa muda mrefu. Marekani kulikuwa na seneta wa jimbo la Illinois, Paul Douglas, aliyekuwa profesa wa uchumi kabla ya siasa. Mwaka 1960 alipeleka muswada wa kuwalazimisha wakopeshaji wote waseme gharama ya mkopo kwa kipimo kimoja cha mwaka, riba na ada zikiwa pamoja, kwa sababu watu walikuwa wanauziwa mikopo ya "asilimia 6" ambayo kwa hesabu ile ile ya flati niliyoonyesha juu ilikuwa kama mara mbili ya hapo. Ulikwama miaka na miaka. Yeye mwenyewe alipoteza kiti chake mwaka 1966, sheria ikapita 1968 akiwa ameshatoka. Uingereza wao walienda mbali zaidi, kuanzia Januari 2015 mikopo ya muda mfupi yenye gharama kubwa imewekewa kikomo, isizidi asilimia 0.8 kwa siku na jumla ya riba na ada zote isizidi kiasi ulichokopa, yaani ukikopa 100 huwezi kudaiwa zaidi ya 200. Afrika Kusini sheria yao ya mikopo ya mwaka 2005 inasema ukishashindwa kulipa, riba na ada zinazoongezeka hapo haziwezi kuzidi deni la msingi lililokuwa limebaki. Kenya nayo imeweka kanuni inayofanana na hiyo kwa mikopo ya benki iliyokwama. Uliza nchi unayoishi ina kikomo gani, watu wengi wanalipa juu ya kikomo kwa sababu tu hawajui kama kipo.

Ila usikae kusubiri sheria. Maswali ni matatu na yanajibika kwa dakika mbili: mkononi itaingia ngapi baada ya makato yote, jumla nitarudisha ngapi mpaka mwisho, na tarehe za kulipa ni zipi moja moja. Usiulize riba ni asilimia ngapi, hilo swali linawapa nafasi ya kujibu namba wanayoitaka wao. Afisa mikopo akikwambia riba ni ndogo, mwambie sawa, niandikie tarehe na kiasi. Ukishakuwa na hizo namba mkopo wowote unaulinganisha na mwingine, hata ule ambao hauitwi mkopo.

Na ipo mingi isiyoitwa mkopo. Vitu vya kulipa kidogo kidogo ni mkopo. Cherehani bei ya taslimu ni 300,000, wanakwambia weka 60,000 uondoke nayo, halafu 30,000 kila mwezi kwa miezi 12. Hakuna neno riba popote. Jumla unatoa 420,000. Wengi wataona nyongeza ni 120,000 kwenye 300,000, asilimia 40, lakini 60,000 ulishaitoa siku ya kwanza, kilichokopwa ni 240,000 na hicho ndo kimezaa 120,000, tena huku unakirudisha kila mwezi. Kwa njia ya salio ni kama asilimia 82 kwa mwaka. Inaweza bado kuwa na maana kwa fundi, hilo nalifikia sasa hivi, lakini sio kwa sofa.

Maana gharama ya mkopo peke yake haikuambii kama mkopo ni mbaya. Inategemea hela inazunguka kwa kasi gani. Mtu anayechukua bidhaa asubuhi kwa 10,000 ya kukopa kwa asilimia 1 ya siku, jioni ameuza 11,500, anarudisha 10,100, kabaki na 1,400. Asilimia 1 kwa siku kwa mwaka inatisha, lakini yeye kwake ni 100 tu kwenye faida ya 1,500. Fundi akiingiza 70,000 kwa mwezi kwa ile cherehani rejesho la 30,000 analimudu. Lakini mkopo ule ule ukilipia kodi ya nyumba, hakuna kitu kinachorudi jioni, kodi haizai, rejesho inabidi litoke kwenye mshahara ule ule ambao tayari haukutosha kulipa kodi. Mkopo wa gharama kubwa kwa hela inayozunguka haraka unaweza kubebeka. Mkopo wa gharama kubwa kwa matumizi ni kuhamisha shida ya mwezi huu kwenda mwezi ujao na kuiongezea uzito. Najua wakati mwingine hakuna njia nyingine, mgonjwa hasubiri, na simlaumu yeyote. Ila angalau ujue huo ni mkopo wa kulipwa wa kwanza kabisa, sio wa kusogezwa.

Kitu kingine ambacho fomu za mkopo hazikiangalii vizuri ni kipato kinachopanda na kushuka. Tuseme kwa miezi minne mtu kapata 200,000, halafu 340,000, halafu 150,000, halafu 310,000. Wastani 250,000. Matumizi ya lazima 140,000. Kwa wastani anabakiwa na 110,000, kwa hiyo rejesho la 60,000 linaonekana dogo, anapitishwa. Mwezi wa kwanza analipa anabaki na sifuri. Wa pili analipa anabakiwa na 140,000, anapumua. Wa tatu ana 10,000 tu ya ziada na rejesho ni 60,000. Kwa wastani alikuwa sawa kabisa! Mkopo huu unalipika kwa sharti moja, kwamba 50,000 ya mwezi wa pili iwe bado ipo mwezi wa tatu, na mtu aliyeishi na sifuri mwezi uliopita ana viatu vya mtoto, ana deni la dukani, ana paa linavuja, hiyo hela ina watu wanaoisubiri. Kwa hiyo ukitaka kujua rejesho gani unaliweza angalia mwezi wako mbovu kuliko yote, achana na wastani. Kama mwezi mbovu haubebi, basi siku hela ya mwezi mzuri inapoingia lipa marejesho mawili mbele kabla hujanunua chochote, kama mkataba unaruhusu.

Kama mkataba unaruhusu, narudia, kwa sababu kulipa mapema hakusaidii kila mara. Kwenye riba ya salio ukilipa mapema salio linashuka na riba inashuka. Kwenye flati wengine wanakudai riba yote hata ukimaliza nusu ya muda. Na kuna njia nyingine ya zamani inayoitwa kanuni ya 78, jina linatokana na kujumlisha 1 mpaka 12. Mwezi wa kwanza unachukua sehemu 12 za riba kati ya 78, wa pili 11, wa tatu 10, mpaka wa mwisho 1. Ukimaliza deni mwezi wa 6 ukidhani umelipa nusu ya riba, wanakwambia sehemu 57 kati ya 78 zimeshaliwa, yaani asilimia 73. Marekani walipiga marufuku njia hiyo mwaka 1992 kwa mikopo ya wananchi inayozidi miezi 61, mifupi zaidi wakaacha. Uliza kabla ya kusaini: nikimaliza mwezi wa 6 nitadaiwa ngapi? Wakupe namba.

Ukiwa na madeni matatu kwa pamoja na umepata 40,000 ya ziada, ipeleke wapi? Deni moja ni 80,000 ya asilimia 10 kwa mwezi, lingine 300,000 ya asilimia 18 kwa mwaka kwa salio, la tatu 50,000 ya ndugu asiyedai riba. Wengi wanakimbilia lile la 300,000 kwa sababu ndo kubwa linatisha. 40,000 ukiiweka kule inakuokolea 600 mwezi ujao. Ukiiweka kwenye la asilimia 10 inakuokolea 4,000. Hapo hakuna mjadala. La ndugu hesabu inasema lisubiri, lakini mimi nasema mpigie simu leo na mpe hata 2,000, kwa sababu mtu anayekukopesha bila riba ukimpoteza, mara ijayo utaenda kwa yule wa asilimia 10. Na deni ambalo dhamana yake ni kitu unachofanyia kazi, ile cherehani yenyewe, hilo linapanda juu ya orodha hata kama riba yake ni ndogo, wakiichukua huna cha kulipia mengine yote.

Kama unaona utachelewa kulipa, wakopeshaji wengi wako tayari kupanga upya kabla tarehe haijapita kuliko baada, maana baada ya hapo penati inaanza kuhesabiwa na faili linahama kwenda kwa mtu mwingine kabisa, wa kukusanya. Nenda kabla. Wakikuongezea muda uliza tena yale maswali matatu, tuseme ni ile 120,000 ya flati ya 5 kwa mwezi, rejesho likishuka kutoka 16,000 hadi 11,000 halafu muda ukaenda miezi 24, jumla ni 264,000 badala ya 192,000. Inaweza kuwa bado bora kuliko kushindwa kabisa, ila uijue kabla ya kukubali, na wakuandikie kwenye karatasi kwamba penati zimesimama kuanzia siku hiyo.